Mafiga matatu ya mpango wa majanga: somo kutoka Bunia

Somo hili ni kwa ajili ya kamati za kambi, mashefu wa mitaa na avenyu, viongozi wa dini, vikundi vya akina mama na vya vijana, na familia zilizokimbia makwao. Linafaa kusomwa kwa sauti katika kikundi cha watu 10 hadi 20. Mwenye kujua kusoma awasomee wengine, kisha wote wajadili. Saa mbili zinatosha, au mnaweza kuligawa kwa siku mbili.

Lengo la somo: kikundi kielewe kwa nini raia wa kawaida wanapaswa kushiriki katika kupanga namna ya kukabili majanga, na kiweze kuandika ukurasa mmoja wa mapendekezo ya kupeleka kwa wakubwa.

Sera ni nini?

Wengi wetu tukisikia neno "sera" tunafikiri ni jambo la Kinshasa, la watu wenye mikoba na magari. Lakini sera ni uamuzi uliopangwa mapema kuhusu namna mamlaka na watu watakavyofanya jambo fulani. Nani atapiga kengele usiku? Wazee na wagonjwa watabebwa na nani? Njia gani isizuiwe na maduka wala vizuizi? Nani ana ufunguo wa chumba cha dawa? Hayo yote ni maswali ya sera. Yasipojibiwa kabla ya janga, hofu ndiyo itakayoyajibu siku ya janga.

Kila mama anajua kwamba chungu hakikai juu ya mafiga mawili. Mpango wa majanga nao unahitaji mafiga matatu:

- Sauti: watu watakaopatwa na janga wamesikilizwa wakati mpango unatengenezwa.
- Uwezo: kuna watu, vifaa na fedha vya kufanya yaliyoandikwa.
- Jibu: mtu akitoa habari au pendekezo, anarudishiwa jibu, na anajua nani wa kuulizwa kama hakuna kilichofanyika.

Historia ya Ituri inatuonyesha kinachotokea figa moja likikosekana.

Figa la kwanza lilikuwepo, la pili halikuwepo: Bunia, 2003

Tarehe 6 Septemba 2002, serikali ya Kongo na serikali ya Uganda zilitia sahihi mapatano mjini Luanda, Angola. Mapatano hayo yalisema jeshi la Uganda litaondoka Ituri, na kwamba itaundwa Tume ya Kutuliza Ituri. Tume hiyo ilikutana Bunia tarehe 4 hadi 14 Aprili 2003. Wajumbe walitoka katika jamii mbalimbali za Ituri, si serikalini tu. Walikubaliana kuwa na utawala wa muda, pamoja na baraza la watu 32. Mwanamke, Mama Pétronille Vaweka, alichaguliwa kuliongoza baraza hilo.

Basi sauti ya wananchi ilikuwepo. Kila mmoja alijua pia kwamba wanajeshi wa Uganda walikuwa njiani kuondoka. Lakini nani angelinda mji siku inayofuata? Umoja wa Mataifa ulikuwa na wanajeshi wapatao 700 tu mjini, wengi wao kutoka Uruguay, na hawakuwa wametayarishwa kwa vita. Utawala mpya ulikuwa mchanga, bila polisi wa kutosha na bila fedha.

Mwanzoni mwa Mei 2003 Waganda wa mwisho waliondoka. Vikundi vya silaha vikapigania mji. Mamia ya watu waliuawa, na maelfu wakakimbilia karibu na makao ya Umoja wa Mataifa na uwanja wa ndege. Wengine walishika njia ya Beni kwa miguu. Tarehe 30 Mei Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1484, na jeshi la muda lililoongozwa na Ufaransa likaja kulinda mji hadi tarehe 1 Septemba 2003.

Wajumbe wa Aprili hawakufanya kazi bure. Mama Vaweka aliendelea kupatanisha watu kwa miaka mingi, na mwaka 2023 alipewa tuzo ya wanawake wajenzi wa amani na Taasisi ya Amani ya Marekani. Lakini tunajifunza hivi: baada ya kila pendekezo zuri, kikundi kiulize, "Nani atalifanya? Kwa kitu gani? Kuanzia tarehe gani?" Pendekezo lisilo na majibu hayo halijakamilika.

Figa la pili lilikuwepo, la kwanza halikuwepo: Ebola, 2018 hadi 2020

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza Ebola katika Kivu ya Kaskazini, na baada ya muda mfupi ugonjwa ulifika Ituri. Uliisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua na 2,287 walikufa.

Safari hii uwezo ulikuwa mkubwa: chanjo, magari, madaktari, fedha nyingi. Lakini mwanzoni watu wengi hawakuulizwa. Waliona magari ya "riposte" yakipita na askari wenye bunduki. Waliona wapendwa wao wakizikwa ndani ya mifuko isiyoonyesha kitu. Waliuliza: "Tumeuawa miaka mingi na hamkuja. Surua inaua watoto wetu na hamji. Kwa nini leo?" Swali hilo lilikuwa na msingi. Mlipuko wa surua ulioanza mwaka 2019 uliua zaidi ya watu 6,000 katika nchi nzima hadi mwanzoni mwa 2020, wengi wao watoto.

Pasipo sauti, uvumi ukachukua nafasi. Vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa mwanzoni mwa 2019. Novemba 2019, huko Biakato katika wilaya ya Mambasa, wafanyakazi wa riposte waliuawa.

Kitu kilichosaidia kubadili mambo ni kusikiliza. Wajitolea wa Msalaba Mwekundu walipita nyumba kwa nyumba wakiandika maswali, uvumi na malalamiko ya watu, kisha yakapelekwa kwa waliokuwa wakipanga kazi. Watu walisema wanaogopa kwamba viungo vya maiti vinaibwa. Basi ikaletwa mifuko ya kuzikia yenye sehemu inayoonyesha, ili familia imwone marehemu wake. Katika baadhi ya vituo vilijengwa vyumba vyenye kuta za plastiki inayoonyesha, jamaa wakaweza kumwona mgonjwa na kuongea naye bila kuambukizwa.

Mabadiliko hayo hayakutoka kwa daktari peke yake. Yalitoka katika malalamiko ya mama aliyefiwa. Malalamiko yakisikilizwa na kuandikwa vizuri, yanakuwa sehemu ya sera.

Figa la tatu: kambi za Djugu na Bunia

Tangu mwisho wa 2017 mashambulizi katika wilaya ya Djugu yaliwafanya watu wengi sana kukimbia. Mwaka 2018 waliojaa Bunia walipata mahali karibu na Hospitali Kuu, na baadaye wengi wakapelekwa kambi ya Kigonze. Wengine walibaki Djugu, katika kambi zilizo karibu na mashamba yao.

Lakini kambi yenyewe inaweza kuwa mahali pa janga. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022, kambi ya Plaine Savo karibu na Bule ilishambuliwa, na watu wapatao 60 waliuawa. Juni 2023 ilishambuliwa kambi ya Lala, katika eneo hilohilo la Bahema-Badjere, na zaidi ya watu 40 waliuawa.

Watu wa kambini huwa wa kwanza kuona dalili. Soko linafungwa mapema bila sababu. Njia ya shamba inakuwa kimya. Wenye motari wanakataa kupita mahali fulani. Familia moja moja zinaanza kuondoka usiku. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo ulianzisha mitandao ya tahadhari, ambamo viongozi wa vijiji wanapewa namba za kupiga simu, na wasaidizi wa jamii wanaounganisha raia na wanajeshi. Hilo ni jambo jema. Hata hivyo kupiga simu ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni hii: nani alipokea, alifanya nini, na nani amerudi kuwaambia watu?

Tahadhari ikitolewa mara tatu bila jibu, mara ya nne watu hawapigi tena. Kwa sababu hiyo kamati inapaswa kudai jibu, hata kama jibu ni "hatuwezi kufika kabla ya saa tatu". Jibu la namna hiyo ni chungu, lakini linaokoa. Watu wakijua kwamba msaada utachukua saa tatu, watapanga namna ya kuishi saa hizo tatu. Wasipojua, watangoja.

Je, tuna haki ya kushiriki?

Ndiyo, na ni vizuri kuijua mnapobisha mlango wa ofisi.

- Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wahamishwa wa ndani, za mwaka 1998, zinasema wanawake washirikishwe kikamilifu katika kupanga na kugawa misaada ya lazima, na wahamishwa washirikishwe katika kupanga kurudi kwao au kuhamia mahali pengine.
- Mkataba wa Umoja wa Afrika uliopitishwa Kampala mwaka 2009 unazitaka serikali ziwe na mfumo wa tahadhari ya mapema na mipango ya kukabili majanga. Unataka pia wahamishwa waulizwe na washiriki katika maamuzi kuhusu ulinzi na msaada wao. Kongo ni mojawapo ya nchi zilizouridhia.
- Sheria ya Kongo ya tarehe 7 Oktoba 2008 inautambua mji, komini, sekta na sheferi kuwa ngazi za utawala zenye mambo yake ya kuamua. Kwa hiyo si kila jambo lazima lingoje Kinshasa.

Tangu tarehe 6 Mei 2021 Ituri iliwekwa chini ya utawala wa dharura, ambapo jeshi na polisi walichukua madaraka ya viongozi wa kiraia. Hali kama hiyo inafanya mlango kuwa mwembamba zaidi, lakini haifuti haki ya watu kueleza mahitaji ya usalama wao kwa heshima na kwa maandishi.

Mfano wa jirani: Wajir, Kenya

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wilaya ya Wajir, kaskazini-mashariki mwa Kenya, ilikuwa na mapigano makali kati ya koo. Wanawake wachache, miongoni mwao Dekha Ibrahim Abdi, walianzia sokoni. Walikubaliana kwamba mwanamke wa ukoo wowote aweze kuuza na kununua bila kudhulumiwa. Kisha waliwaendea wazee, vijana, viongozi wa dini na maofisa wa serikali. Iliundwa timu ya kwenda haraka mahali palipoanza fujo.

Hawakuishia katika kuwa kikundi cha hiari. Mwaka 1995 kamati yao ya amani iliingizwa katika kamati ya maendeleo ya wilaya, yaani ndani ya mfumo wa serikali. Baadaye kamati kama hizo zilienea sehemu nyingine za Kenya. Mwaka 2007 Dekha alipewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood. Walianza na jambo dogo walilolijua vizuri, kisha wakatafuta kiti pale maamuzi yanapofanyika.

Hatua sita kwa kikundi chenu

1. Kaeni wote pamoja. Kamati yenye watu wa kabila moja, au wanaume tu, itashukiwa na itasahau mengi. Alikeni wanaokaa mtaani na waliokimbia, kwa kuwa janga likija litawakuta wote. Wawepo wajane, vijana, mlemavu, mwenye motari, mwalimu, mhamasishaji wa afya. Kama akina mama hawasemi mbele ya wanaume, wakae kwanza peke yao.

2. Choreni ramani chini. Tumieni vijiti, mawe na majani kuonyesha nyumba, maji, shule, kituo cha afya, njia za kutokea, na mahali pa hatari. Kila mtu aweke jiwe mahali anapoogopa. Ulizeni kwa nini. Mara nyingi akina mama wataweka jiwe kwenye njia ya kuni au ya shamba, mahali ambapo wanaume hawakupafikiria. Mkimaliza, futeni ramani ya chini. Msipige picha ya sehemu za kujificha.

3. Chagueni mambo matatu tu. Mpeni kila mtu punje tano za maharagwe, aziweke kwenye mambo anayoona ni ya lazima zaidi. Hesabuni mbele ya wote. Ofisi ikipewa orodha ya mambo 20, haitafanya hata moja.

4. Andikeni ukurasa mmoja. Kwa kila jambo semeni: tatizo ni lipi, sisi wenyewe tutafanya nini, tunaomba nini, kwa nani, na lini tutarudi kuuliza.

5. Pelekeni kwenye mlango unaohusika. Anzeni kwa shefu wa mtaa au msimamizi wa kambi ili asione amerukwa. Kisha nendeni komini au sheferi, na idara ya mkoa ya mambo ya kibinadamu. Mambo ya magonjwa yaende kwa kamati ya afya ya eneo lenu. Ombeni sahihi na tarehe ya kupokelewa kwenye nakala yenu. Nakala nyingine ipewe shirika linalosaidia kambi, kwa kuwa mashirika nayo hutengeneza mipango yake ya dharura na yanapaswa kuwauliza.

6. Jaribuni na rekebisheni. Baada ya miezi mitatu fanyeni zoezi mchana: pigeni kengele, muone nani anafika, nani anaachwa nyuma. Kabla ya zoezi watangazieni watu wote na askari, kusudi pasitokee hofu. Redio za mji, kama Radio Candip na Radio Okapi, zinaweza kusaidia kueneza habari hiyo.

Mfano wa ukurasa mmoja

Huu ni mfano tu. Andikeni yaliyo yenu.

"Sisi wakaaji wa kambi na wa mtaa jirani, wanawake na wanaume, tulikutana na tukachagua mambo matatu.

Kwanza: usiku hakuna namna ya kuwaamsha watu. Sisi tutaweka zamu ya watu sita kila usiku. Tunaomba filimbi na kengele moja kutoka kwa shirika linalosimamia kambi.

Pili: mkondo wa maji nyuma ya shule hauna daraja, na wazee hawawezi kuuvuka. Sisi tutatoa kazi ya mikono kwa siku nne. Tunaomba komini mbao na misumari.

Tatu: kipindupindu kikitokea hatujui mgonjwa apelekwe wapi usiku. Wahamasishaji wa afya watapita kila kibanda kueleza dalili. Tunaomba kituo cha afya kitupe namba moja ya simu inayopokelewa saa zote.

Tutarudi kuomba jibu baada ya siku 30."

Oneni kwamba kila ombi linaanza na kitu ambacho watu wenyewe watafanya. Ofisi haiwezi kusema kwamba watu hawa wanangoja tu kusaidiwa.

Mambo ya kujihadhari nayo

- Kazi ya kamati ni kutayarisha watu. Haipelelezi. Msiandike majina ya wapiganaji wala idadi ya silaha. Karatasi kama hiyo ikikamatwa inaweza kumwua aliyeibeba.
- Msitaje kabila kuwa ndilo tatizo. Andikeni tendo na mahali: "njia ya kisimani si salama jioni". Mpango unaolaumu jirani unaweza kuwasha moto uliokusudiwa kuzimwa.
- Msimtangaze mtu aliyeleta habari. Jina lake lisiandikwe popote.
- Msiwaahidi watu yasiyo mikononi mwenu. Waambieni, "Tumeomba, tunangoja jibu hadi tarehe fulani."
- Kama kukutana hadharani ni hatari, kutaneni wachache wachache: baada ya ibada, kwenye foleni ya maji, au kisimani.

Kwa nini sasa?

Mwaka 2025 mashirika mengi yalipunguziwa fedha, na huduma nyingi kambini zikapungua. Pale ambapo misaada ni michache, uamuzi wa nini kifanyike kwanza unakuwa mzito zaidi. Asiyekuwepo wakati wa kuamua, mahitaji yake huwekwa mwisho. Familia iliyokimbia mara mbili au tatu ina ujuzi ambao hauko katika ofisi yoyote: inajua ilichosahau kubeba, njia iliyofungwa, jirani aliyefungua mlango, na saa iliyopotea kwa kubishana. Ujuzi huo umelipiwa kwa gharama kubwa. Usiposemwa na kuandikwa, familia nyingine italazimika kuulipia upya.

Maswali ya majadiliano

1. Mara ya mwisho tulipokimbia, tulijuaje kwamba hatari inakuja? Nani alijua kwanza? Nani alichelewa kujua, na kwa nini?
2. Je, kuna mpango wa majanga katika kambi au mtaa wetu? Nani aliutengeneza? Tulionyeshwa?
3. Katika mafiga matatu, yaani sauti, uwezo na jibu, ni lipi linalokosekana kwetu? Tunaweza kufanya nini mwezi huu ili lipatikane?
4. Wakati wa Ebola, au wa kipindupindu au surua, ni jambo gani tuliloliambia ofisi au shirika likabadilishwa? Ni lipi halikubadilishwa?
5. Nani hayupo katika kikundi hiki leo ambaye angepaswa kuwepo? Nani atakwenda kumwita kabla ya mkutano ujao?

Kabla ya kuachana, chagueni watu wawili, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, watakaoandika ukurasa wenu. Wekeni siku ya kuusoma mbele ya wote. Ukisomwa na kukubaliwa, upelekeni wiki hiyohiyo.